Vita Alivyotueleza Hodan

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo siku niliyoelewa vita hutoka wapi. Nilikuwa msichana, sijaolewa bado, tukiishi hapa hapa Galbet, mtaa huu wa Garissa, nyumbani kwa baba. Ng'ambo ya mpaka, Somalia ilikuwa imevunjika. Watu walimiminika, wengine wakapelekwa kambini Ifo, wengine wakatafuta jamaa zao mjini Garissa.

Kwetu alikuja Abti Yusuf, binamu yake mama. Abti ndivyo tunavyomwita mjomba. Alikuwa fundi wa pampu za maji huko Kismayo, kusini. Alikuja na mtoto mchanga na mkewe, Hodan, ambaye alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Hargeisa, kaskazini ya nchi hiyo hiyo. Dini moja, lugha moja na mume wake. Maneno fulani aliyavuta kidogo kuliko sisi, basi. Tofauti yenyewe ilikuwa hiyo.

Kila alasiri, baada ya swala, wanaume waliokimbia vita walikuja uani kwetu kunywa chai. Mwenye sauti kubwa kati yao aliitwa Diriye. Kismayo alikuwa na maduka. Hapa alikuwa na fimbo yake na shuka moja. Mtu aliyepoteza kila kitu hutafuta wa kumlaumu, na Diriye alikwisha kumpata.

Siku hiyo alimwambia Abti mbele ya wote, "Yusuf, watu wa kaskazini ndio waliowasha moto huu. Wao ndio walioshika bunduki kwanza. Wewe unaishi na adui ndani ya nyumba. Mwache huyo mwanamke."

Hodan alikuwa amesimama nyuma ya Diriye, birika mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na vikombe. Nilimtazama Abti, nikingoja aseme neno. Akatazama chini. Mpaka leo, Mungu amrehemu, kimya chake kile kinaniudhi.

Aliyesema ni nyanya yangu, naye hakupandisha sauti. "Diriye, unamsema mtu ambaye chai yake iko mkononi mwako. Hodan, weka birika, keti. Tueleze wewe jinsi vita vilivyoanza."

"Nikieleza watasikia, ayeeyo?" Hodan akauliza, akimwita nyanya kwa Kisomali.

"Wasiosikia nitawatoa mimi."

Hodan akakaa kwenye mkeka, akaongea kama mtu anayeeleza njia.

"Baba yangu aliuza mbuzi. Zamani kibali chake alikipata mjini kwetu. Baadaye kila karatasi ikawa ya kufuatwa Mogadishu: kibali, pasipoti, hata nafasi ya kaka yangu kusoma. Unasafiri kwa lori mpaka mifupa inauma, ukifika unaambiwa rudi wiki ijayo. Wazee wetu waliomba. Hawakujibiwa. Vijana wakasema hadharani, wakafungwa. Ndipo wengine wakashika bunduki, na siwasifu, maana nao waliua wasio na hatia. Kisha ndege zikaja juu ya Hargeisa, ndege za nchi yetu wenyewe. Mama yangu alifia uani, akazikwa pale pale. Hapakuwa na njia ya kumfikisha makaburini."

"Redioni tuliambiwa wanaondolewa majambazi," Diriye akasema.

"Najua. Nilikuwa nimeshaolewa Kismayo, nikisikiliza redio hiyo hiyo. Mlikuwa mnakuja kwangu kudungwa sindano, mnaniona macho yamevimba. Hakuna aliyeniuliza nina nini."

Diriye akaweka kikombe chini, chai bado imo, akachukua fimbo yake akaenda zake. Hapo ndipo Abti alipopata ulimi. "Mke wangu haachwi kwa maneno ya kwenye chai," akasema. Alichelewa, lakini alisema.

Hatukumwona Diriye kwa muda mrefu. Alihamia Ifo, akaanza kuuza sukari na mchele. Siku moja akarudi, akasimama langoni bila kuingia, akamwita Hodan.

"Nimekuja kuuliza jina la mama yako," akamwambia. "Nataka nimtaje kwenye dua."

Hodan alimtazama sana. Kisha akamwambia jina, akamfungulia lango. Diriye hakuomba msamaha kwa mdomo, wala Hodan hakusema amesamehe. Walikunywa chai.

Usidhani mambo yakawa mazuri, mwanangu. Hodan na Abti waliishi pamoja mpaka kifo kikawatenganisha, lakini nchi yao haikurudi kuwa moja. Kaskazini walijitenga, na huko kusini watu waliendelea kupigana wao kwa wao. Ufa ulioachwa kwa miaka, ukuta wake haujengwi kwa siku moja.

Sasa nakusikia wewe na wenzako. Ukienda Nairobi unasema unaenda Kenya, kana kwamba hapa ni nchi nyingine. Neno hilo najua lilikotoka. Umepanga foleni ya kitambulisho ukaulizwa mpaka babu wa babu yako. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na uchungu huo sikwambii uumeze. Udai mchana, kwa sauti, kwa sheria, wala usichoke. Lakini siku utakapomwona mwalimu aliyetoka mbali ukamwita adui kwa sababu ya alikozaliwa, utakuwa umekaa kwenye kiti cha Diriye.

Nawe ukipata ofisi siku moja, mtu wa pembezoni mwa nchi akija na karatasi yake, msikilize siku hiyo hiyo. Anayeambiwa kila mara arudi wiki ijayo, siku moja hatarudi na karatasi. Na ukisikia redio au simu ikiwataja watu wa upande fulani kwa jina moja la ubaya, mtafute mmoja wao umwulize ana nini. Kuuliza si ujinga. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakioshi uso. Nchi nayo ni hivyo hivyo.

Haya, nenda. Allah akupe sikio kabla ya kukupa cheo. Mifugo yako inywe maji pasipo mtu kushika bunduki kisimani, na watoto wako waoe na kuolewa popote moyo utakapowapeleka. Amin.