Nani Aliyatoa Nje Maneno Yangu ya Chumbani?

Ndugu wasomaji, nashukuru ukurasa huu umekubali kulisitiri jina langu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, umri miaka ishirini na sita, nimeolewa katika ukoo wa mjini wenye kujihesabu waungwana. Naishi na mume wangu na mama yake.

Darasani kwangu yumo binti hodari sana wa hesabu. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja, wakimwita "kijukuu cha mtumwa." Siku moja niliweka chaki chini nikawaambia, "Wanangu, mtu hapimwi kwa namna babu yake alivyoletwa pwani hii." Nikamfanya kiranja wa darasa, na wavulana nikawapa zamu ya kufagia na kuteka maji sawa na wasichana. Walinung'unika, kisha wakazoea.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu tukiwa wawili chumbani. Nikamtania, "Nikimaliza na hao, nitakufundisha na wewe kusonga ugali." Akacheka sana.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu aliniita. "Wazee wamelalamika. Unawafundisha mabinti kudharau wanaume, na watoto wa watu unawaweka chini ya mtu asiye na asili. Tena unajigamba kuwa hata mumeo utamfundisha kusonga ugali!"

Nikajiuliza: Maneno yale kayapata wapi?

"Utahamia shule ya Ubena, huko bara ya wilaya yetu," akamaliza. Yule binti naye akavuliwa ukiranja mbele ya wenzake.

Njia nzima nilimshuku mavyaa, mama wa mume wangu. Kuta za nyumba yetu hazifiki darini, na kazi yangu hajawahi kuipenda. Nilimkuta uani anapeta mchele, mume wangu kakaa kando. Nikasema tu, "Nimepewa uhamisho." Mahali sikutaja.

Mavyaa akaacha ungo. "Uhamisho? Wanakupeleka wapi, mwanangu?"

Kabla sijafungua kinywa, mume wangu akajibu bila kuniangalia, "Ubena si mbali, mama. Mabasi yapo."

Tangu siku hiyo chakula hakinipiti. Yeye ananisalimu vizuri, ananiletea samaki, ananiuliza mbona nimekonda. Kila neno lake nalipima mara mbili. Nikimwuliza, nahofia ndoa itavunjika. Nikinyamaza, nitakuwa nalala na mtu aliyeniuza. Na binti yule bado ananiuliza, "Mwalimu, nilikosa nini?"

Dada zangu, kaka zangu, nipeni shauri kabla sijaondoka: nimkabili, au nifunge mizigo yangu kimya niende zangu?