Mazurek ya Walenty

Kwetu Olszyny neno mazurek lina kazi nyingi. Shomoro anayeiba nafaka uani huitwa hivyo. Keki bapa ya Pasaka, ile yenye jamu na lozi juu yake, huitwa hivyo. Na iko ngoma yenyewe, inayochezwa wawili wawili kwa kuzunguka ukumbi mpaka kuta nazo zinaanza kuzunguka. Lakini ungemuuliza Pelagia Sitarz, mjane wa nyumba ya mwisho karibu na kinu, asingekuwa na haja na maana zote hizo. Kwake mazurek ilikuwa mume wake.

Na hakuwa amechanganyikiwa. Zamani hapa kwetu kila mwanamume aliyejiheshimu alikuwa na mazurek yake. Kwenye arusi alikwenda kusimama mbele ya wapigaji, akaimba mlio wake, na mpiga fidla alitakiwa aushike papo hapo na kumpigia, naye akaongoza kucheza. Mlio ule ulikuwa mali yake kama kofia yake. Ukijitia kimbelembele kuimba mazurek ya mwenzio, ujiandae kurudi nyumbani na jino mkononi. Hata wapigaji wa vijiji vya jirani waliheshimu jambo hilo, hawakuigusa mazurek ya mtu ambaye hakuwaimbia wao. Aliyewashikia watu wa Olszyny milio yao alikuwa mpiga fidla Onufry Sobczyk, na zote alikuwa nazo kichwani, za walio hai na za waliokufa.

Walenty, mume wa Pelagia, alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mrefu, mwenye sauti nene na mikono inayonuka lami. Mazurek yake ilikuwa na vipande viwili. Cha kwanza kilipanda juu na kusimama hapo, kana kwamba kinakungoja useme kitu. Cha pili kiliteremka taratibu, na hapo ndipo Walenty alipomzungusha mkewe kwa upande wa kushoto, upande mgumu, bila kumkanyaga hata mara moja. Pelagia alicheza vizuri kuliko wanawake wote wa rika lake, ila kuimba hakujaliwa. Kipande cha kwanza alikishika. Cha pili kilimteleza kila siku. Walenty alikuwa akimtania mbele za watu kwamba ameoa miguu ya malaika na masikio ya gogo.

Wakati wa vita, Walenty alikwenda mnadani kuuza magurudumu, Wajerumani wakaufunga mnada pande zote, wakapakia wanaume kwenye malori. Hakurudi. Haikuja barua, haikuja habari, halikupatikana kaburi. Picha hakuwa amepiga hata moja, kwa sababu alidai ni upuuzi wa watu wa mjini. Kila siku ya Marehemu wote, watu wakienda makaburini na mishumaa, Pelagia aliuwasha wa kwake chini ya msalaba wa njia panda, akasimama hapo peke yake kwenye baridi. Hakuolewa tena. Wachumba walikuja, mmoja hata na ng'ombe, akawarudisha.

Kitu pekee kilichobaki cha Walenty kilikuwa kwenye vidole vya Onufry. Kila mwaka, katika siku za mwisho za kucheza kabla ya Jumatano ya Majivu, Onufry alisimamisha ngoma katika ukumbi wa zimamoto, akamtafuta Pelagia kwa macho, akapiga ya Walenty. Pelagia alicheza na yeyote aliyempa mkono. Wengine walikuwa walevi, wengine watoto wa shule, kwake ilikuwa sawa. Kikifika kipande cha pili alifumba macho. Kisha akavaa shali yake, akaenda nyumbani, akaishi mwaka mwingine.

Mwaka ninaousimulia, Onufry alikuwa amelala. Kifua kilimbana tangu Krismasi, na siku za kucheza zikapita vijana wakijipigia akodioni. Pelagia alikaa nyumbani kwake roho juu. Kwaresima ilipofika katikati akapiga moyo konde, akaenda kumwona mgonjwa, na chupa ya juisi ya beri chini ya shali.

Rozalia, binti wa Onufry, alimfungulia mlango akampisha hadi kitandani karibu na jiko la matofali. Mzee alikuwa amekwisha, mifupa na masharubu tu. Fidla yake ilining'inia ukutani juu ya kichwa chake, imefunikwa kitambaa cha kitani, kwa sababu kwetu fidla hufunikwa Jumatano ya Majivu na haifunuliwi mpaka Pasaka. Hata mlevi mkubwa kuliko wote hapa kijijini halivunji sharti hilo.

Walizungumza kidogo habari za viazi na za ng'ombe wa Rozalia. Onufry akamwona mgeni wake anavyoangalia ukutani, akatabasamu.

"Nimekunyima ya mwaka huu, shemeji," akasema. "Itungue hiyo, nikupigie. Polepole tu. Hata jirani hatasikia."

Pelagia alitamani. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata padre. Mwaka ule wa vita, katikati ya Kwaresima kama hivi, walikuwa ghalani wakichagua mbegu za viazi, yeye akamwomba Walenty amwimbie mazurek yake. Walenty alikataa, naye akambembeleza, akanuna, mwishowe Walenty akaimba, wakacheza wawili tu juu ya majani makavu huku wakicheka kama wezi. Mnada ulikuwa wiki hiyo hiyo. Tangu siku ile Pelagia hakuwa na shaka kwamba yeye ndiye aliyempandisha mumewe kwenye lori.

Unaweza kumcheka. Mimi simcheki. Mtu akipotelewa bila kaburi, lazima aweke kosa mahali fulani, na yeye aliliweka kwake.

"Ni Kwaresima, shemeji," akasema.

"Najua ni Kwaresima. Ninakula samaki wa chumvi mpaka ulimi umekuwa ubao."

"Basi tungoje Pasaka. Si mbali. Nitakuokea mazurek, ile yenye lozi, nikuletee mwenyewe. Ule yangu, kisha unipigie yako."

Onufry alikuwa anajua mwili wake ulipofika, na nadhani alijua pia kwamba mwanamke huyu hakatai kwa ukaidi.

"Haya, nitangoja," akasema. "Lakini oka upesi."

Pelagia alirudi nyumbani akiwa amejiridhisha kwamba ametenda haki. Alisali kila jioni ili mzee apate nguvu, na njiani alikuwa akijiimbia kipande cha kwanza moyoni, kimya kimya, kikifika juu kikakwama. Alijipa moyo. Safari hii, alijiambia, angemwomba Onufry arudie kile cha pili mara nyingi, mpaka kiingie hata kwenye masikio ya gogo. Lozi zilikuwa adimu madukani mwaka ule. Alibadilishana mayai na mwanamke mmoja aliyekuwa na ndugu mjini, akazipata kidogo, akazificha kabatini nyuma ya mashuka.

Juma Kuu likafika. Alhamisi kengele za kanisa zilinyamazishwa, kikabaki kile kidude cha mbao chenye kelele kinachozungushwa njiani kuwaita watu. Ijumaa Kuu Pelagia alifunga, akaoka. Keki ilitoka vizuri kuliko miaka yote. Akapanga lozi juu yake moja moja, na Jumamosi asubuhi akaitia kwenye kikapu pamoja na mayai, mkate na chumvi, akaipeleka kanisani ibarikiwe. Kutoka kanisani hakwenda kwake. Alikata njia ya shambani, moja kwa moja kwa Sobczyk, maana aliona hakuna ubaya keki ikimsubiri Onufry mezani ailambe kwa macho mpaka kesho.

Mlangoni aliona kioo cha ukumbini kimefunikwa shuka, na saa ya ukutani imesimamishwa. Alielewa kabla Rozalia hajatokea.

Onufry alikuwa amekata roho alfajiri. Walikwisha kumvalisha suti yake nyeusi. Pelagia alisimama na kikapu mkononi, hajui akiweke wapi, mpaka Rozalia akampokea, akamkalisha kwenye benchi, wakalia pamoja. Walipotulia, Rozalia akajifuta uso kwa aproni.

"Shangazi, kuna kitu inabidi nikwambie," akasema. "Jana usiku aliniomba fidla. Nikamwambia, baba, leo ni Ijumaa Kuu. Akasema hapigi, nimpe aishike tu. Nikampa. Upinde hakuutaka."

"Akafanyaje?"

"Akaiweka kifuani, akawa anatembeza vidole kwenye nyuzi. Bila sauti. Nikamuuliza, unapiga nini? Akasema, ya Walenty. Anaiweka tayari."

"Yote? Alipiga yote?"

"Nitajuaje, shangazi? Hapakuwa na sauti. Niliona vidole tu. Vilipanda, vikakaa kidogo, halafu vikashuka."

Pelagia akamwomba amwonyeshe. Rozalia, masikini, ambaye maisha yake yote alikamua ng'ombe na hakuwahi kushika fidla, akanyoosha mkono wa kushoto hewani, akajaribu kukumbuka vidole vya baba yake vilivyokwenda. Pelagia aliutazama mkono ule kama mtu anayesoma. Hakuambulia kitu. Moyo ulimpasuka pale pale kwenye benchi, hatua chache kutoka kwa maiti, na keki ya Pasaka inanukia vanila chumba kizima.

Mzee alimngoja. Hilo ndilo lililomuumiza Pelagia kuliko yote. Alikuwa na mlio wote vidoleni usiku ule, na angeweza kuutoa, akauzuia kwa sababu yeye Pelagia alitaka hivyo.

Wakamzika Jumanne baada ya Pasaka. Juma lile lile Pelagia alikwenda kuungama, akamweleza padre yote, ghala la wakati wa vita na kitanda cha Onufry, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Padre alikuwa kijana mwema. Alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba lile la vita halikuwa adhabu, kwa kuwa Mungu hapeleki malori. Na kuhusu Onufry akamwambia, "Hapo hukutenda dhambi, mama. Uliheshimu Kwaresima. Ulifanya vyema."

Alitoka kanisani akilia zaidi kuliko alivyoingia. Dhambi angeondolewa. Hili la kufanya vyema hakuna padre wa kumwondolea.

Mwezi wa Mei palikuwa na arusi ya mjukuu wa Rozalia, ukumbi ule ule wa zimamoto. Mpiga fidla aliitwa Ludwik Maj, mtu wa kijiji cha ng'ambo ya mto, na dufu alipiga kaka yake. Ludwik alikuwa amesikia habari. Ngoma ilipokolea, aliwanyamazisha watu, akamtazama Pelagia aliyekuwa amekaa pembeni na wanawake wenzake.

"Mama Sitarz," akasema, "sikuwahi kuimbiwa na bwana wako, ndiyo maana siigusi mazurek yake. Lakini wewe ni mkewe. Uniimbie wewe, nitaishika."

Hapa kwetu wanawake hawakuwa wakisimama mbele ya wapigaji. Walienda wanaume. Pelagia aliinuka, akanyoosha aproni, akaenda kusimama pale alipokuwa akisimama Walenty, akaimba kwa sauti yake mbovu kipande cha kwanza. Lakini mlio haukukosea. Ulipanda, ukakaa juu. Ludwik akaushika mara moja, akaupiga, na wazee waliokuwa wakiukumbuka waliinamisha vichwa. Wao pia walikijua kipande cha kwanza. Cha pili hakuna aliyekuwa nacho, maana nani alijisumbua kukiweka kichwani wakati Onufry yupo?

Kisha Ludwik akafika kule juu, akamngoja Pelagia ampe kinachofuata.

Pelagia alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akainua mkono wa kushoto, akatembeza vidole hewani kama Rozalia alivyomwonyesha, vikipanda, vikikaa, vikishuka, na Ludwik akavikodolea macho vidole vile, upinde umesimama juu ya nyuzi. Ludwik hakuweza kuvisoma. Hata angekuwa nani asingeweza. Akaishusha fidla kidevuni.

Aliyekuwa dufuni hakuacha. Labda hakutambua, labda alitambua sana. Aliendelea peke yake, taratibu, kwa mapigo ya mazurek, muda ule ule ambao kipande cha pili kingechukua. Rozalia akatoka kwenye viti, akamshika Pelagia kiunoni, akamzungusha kwa kushoto. Pelagia akafumba macho. Walizunguka hivyo, wanawake wawili wazima, kwa dufu tupu, na miguu ya Pelagia ilijua kila kitu. Dufu lilipomaliza, Ludwik akaweka upinde na kuanza tena kile cha kwanza.

Pelagia aliishi miaka mingine kadhaa, na amezikwa hapa kwetu. Ya Walenty inapigwa bado Olszyny, katika siku za mwisho kabla ya Majivu, na inapigwa vile vile, fidla nusu ya kwanza, dufu nusu ya pili. Wageni hudhani mpiga fidla amesahau, hugeuka kumtazama. Sisi huwa tunafumba macho.