Mpangilio wa Kazi Uliomchosha Bochaberi

Bochaberi alikuwa amechoka hata kabla mpangilio wa kazi haujafika mezani kwake. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walidai kwamba kazi ile ndiyo iliyomzeesha, na si kweli. Mwaka ule wa 1997 magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, bintiye Kemuma alikuwa chuoni, na mumewe, Kerosi, alikuwa nyumbani Rangwe akizoea kukaa bila ofisi. Serikali ilikuwa imewapunguza wafanyakazi, naye alikuwa mmoja wao. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mpima ardhi, mtu wa kusimama nyuma ya chombo chake juani na kuita vipimo. Sasa alichunga ng'ombe wa jirani, pamoja na ng'ombe wawili wa kwake mwenyewe.

Mimi nilikuwa karani wa rekodi hospitalini Homa Bay, na nilimjua Bochaberi kwa sababu sote tuliazima kwake. Chumba chake kiliitwa maktaba ya pamoja, ingawa hakikuwa na vitabu vya kusoma. Kilikuwa na kompyuta moja na makabati ya chuma, na ndani yake yaliwekwa majina: ya magonjwa, ya mazao, ya vijiji, na maana ya kila jina. Hospitali, watu wa kilimo, walimu wa watu wazima na mashirika ya misaada, kote Homa Bay na Migori, walichukua majina yao humo, ili sisi tukisema kitu na wao wakakisema, tuwe tunasema kitu kimoja. Jina likishaingia, maana yake haibadilishwi tena. Linaweza kuachwa kutumiwa, lakini halifutwi, kwa kuwa kuna rekodi za watu zinazolitegemea. Kwa hiyo kosa likipita mlangoni linakaa miaka. Bochaberi ndiye aliyekuwa mlangoni.

Mpangilio wa kazi uliletwa na kijana mmoja mpole, Caleb Motari, aliyeajiriwa na mradi wa misaada. Ulikuwa kitu kikubwa, orodha ya kazi zote ambazo watu hufanya. Kila kazi ilipewa namba, jina na maana, kisha ikaunganishwa na nyingine: iko chini ya kundi gani, inatumia zana zipi, inafanyiwa wapi, inahitaji mafunzo gani. Caleb alikuwa ameutengeneza kwa miaka miwili, na ulionyesha akili. Mkaguzi wa kwanza, bwana mmoja wa ofisi kuu, alikuwa ameshaupitisha. Ilibaki sahihi ya Bochaberi.

Alianza kuusoma kama alivyosoma vyote, kalamu ya risasi mkononi na chai ikipoa pembeni. Mwanzoni alipata makosa ya kawaida, fundi cherehani mara mbili kwa majina mawili, mvuvi asiyeunganishwa na zana yoyote. Kisha akafika kwenye matokeo ya jaribio la mpangilio huo lililofanywa Kegonga, upande wa Migori, akasoma, akavua miwani. Kwa mujibu wa jaribio lile, Kegonga palikuwa na viongozi wa dini wengi kuliko waumini. Mpangilio ulikuwa na mchungaji mmoja tu, naye alikuwa wa kanisa, kwa hiyo kila mtu aliyesema yeye ni mchungaji alipelekwa huko, na fimbo yake na ng'ombe wake.

Alinisimulia jambo hilo akiwa anacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka. Caleb naye alicheka, akaona aibu, akarekebisha siku ileile. Lakini kosa lile lilimpa Bochaberi wasiwasi kuhusu maana nyingine. Utaratibu ulimruhusu mkaguzi kuzijaribu maana kwa watu wenyewe, jambo ambalo wakaguzi wengi hawakujisumbua nalo. Aliomba gari la ofisi, wakaenda na Caleb hadi Masara, kwenye machimbo ya dhahabu.

Jua lilikuwa kali na vumbi la mawe yaliyopondwa lilikuwa jeupe juu ya kila kitu, hadi kwenye nyusi za watu. Wanaume walikuwa chini mashimoni. Juu, wanawake walikaa kwa safu wakiponda mawe kwa vyuma, na wengine wakiosha unga wake katika makarai. Caleb alimwendea mama mmoja aliyekuwa pembeni, akamsalimu, akamwuliza kazi yake. Mama huyo, Nyangi Mwikwabe, alikuwa ametoka Kegonga kwa watu wake Wakuria, na Kiswahili chake alikisema polepole.

Alijibu kwamba yeye ni mkulima.

Caleb akamweleza kwa adabu kwamba mpangilio wake unauliza kazi ambayo mtu aliifanya juma lililopita. Juma lililopita Nyangi alikuwa wapi? Nyangi akasema alikuwa hapo hapo, akiponda. Na juma lile lingine? Hapo hapo. Shamba lilikuwa Kegonga, mvua ilichelewa, na watoto walikula kila siku. Caleb akaandika: mponda mawe, chini ya vibarua wasio na ujuzi.

Nyangi akamtazama Bochaberi, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Akasema, "Mama, andikeni vile mnataka. Lakini mimi nikikufa hapa, nyumbani watasema mkulima amekufa."

Bochaberi alishukuru, akaketi juu ya jiwe kupumzisha magoti, akawatazama wale wanawake mpaka dereva alipoanza kupiga honi. Njiani Caleb alimweleza kwamba swali la juma lililopita ndilo linalotumika duniani kote na lina sababu zake, maana ukimwacha mtu ajitaje apendavyo utapata majina ya heshima matupu. Bochaberi alijua kwamba kijana anasema kweli. Hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Jumapili hiyo alikuwa nyumbani Rangwe. Kerosi alikuwa barazani akipukuchua mahindi, na Bochaberi, aliyekuwa bado na kazi kichwani, akamwuliza kama vile anajaribu kisu kwa kidole chake mwenyewe.

"Baba Kemuma, juma lililopita ulifanya kazi gani?"

Aliniambia kwamba alijua amekosea kabla hajamaliza kuuliza. Kerosi aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Kisha akasema, "Andika sina kazi." Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ng'ombe, ingawa haukuwa bado wakati wa kuwatoa malishoni.

Walikula kimya jioni hiyo, na siku zilizofuata. Si kwamba waligombana. Kerosi alimpokea mkoba akirudi kutoka Homa Bay, akamwekea maji ya kuoga, akamwuliza habari za barabara. Ila hakumwangalia. Jumamosi, siku yao ya Sabato, walikwenda kanisani pamoja, wakaimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo, na hapo pia hakumwangalia. Bochaberi alikuwa mtu wa kutafuta maneno sahihi kwa mshahara, na kwa mumewe hakuyapata.

Mwishowe ni Kerosi aliyeanza. Walikuwa shambani wakipalilia maharagwe, kila mmoja mstari wake. Alisema bila kuinua kichwa kwamba swali lile lilikuwa la haki. "Mimi ndiye niliyeshindwa kulijibu. Nikisema mchunga ng'ombe, ni kama miaka ile yote niliota. Nikisema mpima ardhi, ni uongo."

Bochaberi akamwambia kwamba hilo ni kosa la swali. Akatupa jembe, akaketi chini kwenye udongo, akalia kidogo. Alilia kwa uchovu zaidi kuliko huzuni. Kerosi alikuja akaketi karibu naye.

Jumatatu aliandika taarifa yake ya ukaguzi. Mpangilio haukukataliwa, ila ulirudishwa. Alitaka mtu awe na nafasi mbili: kazi anayoijua na kazi anayoifanya sasa, na kila moja iwe na namba yake. Pia alitaka ijulikane ni nani atakayeutunza mpangilio huo baada ya mradi wa misaada kufungwa, kwa kuwa alikwisha kuona mipangilio mizuri ikioza kwenye makabati yale baada ya wenyewe kuondoka.

Caleb alikuja na taarifa ile mkononi. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hata siku hiyo hakukasirika, alikuwa tu na uso wa mtu asiyelala. Nilikuwepo, nimekuja kurudisha disketi. Alisema mradi unafungwa mwisho wa mwezi. Nafasi mbili maana yake ni kufungua kila uhusiano upya, na hakuna muda. Usipopitishwa sasa hautapitishwa kamwe, na yeye hatakuwa na cha kuonyesha akitafuta kazi nyingine.

"Najua," Bochaberi alisema.

"Unajua, na bado unaurudisha, mama?"

"Bado. Ukiingia hivi, yule mama wa Masara atakuwa kibarua asiye na ujuzi hospitalini, kilimo na kila ofisi. Nani atamtoa?"

Caleb akauliza, je, ni yeye, Bochaberi, atakayeutunza? Nafikiri aliuliza kwa uchungu, si kwa kutaka jibu. Bochaberi akayakanda magoti yake. Alikuwa amekwisha kumwahidi Kerosi kwamba ataomba kustaafu mapema, warudi kwenye shamba la familia yake Kisii. Kisha akachukua karatasi, na pale palipoandikwa mtunzaji akaandika jina lake.

Wakafanya kazi pamoja siku zilizobaki. Waliyafungua makundi waliyoweza, ya ukulima, ya machimbo, ya mifugo na ya ufundi, wakayaweka na nafasi mbili, na hayo yakaingia. Makundi mengine yaliachwa nje na maelezo kwamba bado hayajakaguliwa. Haukuwa ule mpangilio mzima ambao Caleb aliuota. Alipoondoka kwenda Nairobi alimwachia Bochaberi kalamu zake na akamshika mkono kwa mikono yote miwili, lakini alikuwa na huzuni, na Bochaberi hakujidai kwamba haioni. Baadaye tulisikia amepata kazi ya kufundisha.

Hospitalini tulianza kuuliza maswali mawili. Ilitupa kazi zaidi, na baadhi yetu tulinung'unika. Mwaka uliofuata Kerosi aliletwa na malaria, na mimi ndiye niliyemwandikisha. Alijibu la kwanza, mpima ardhi, akajibu la pili, mchunga ng'ombe, sauti ileile kwa yote mawili, kisha akaegemea ukuta na kufumba macho. Homa ilikuwa kali. Sikumwambia Bochaberi.

Kuhusu kustaafu, Bochaberi aliahirisha, kisha akaahirisha tena. Kerosi hakumlaumu, ila alikwenda Kisii mwenyewe mara kwa mara kulitazama shamba, akirudi na ndizi. Makundi yaliyobaki Bochaberi aliyakagua kidogo kidogo, jioni baada ya ofisi kufungwa, kabla jua halijazama. Hakuna aliyemwongeza mshahara wala msaidizi. Kompyuta ilipoharibika alirudi kwenye kadi za karatasi, na ilipotengenezwa aliziingiza zote upya.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwake ilikuwa mwaka wa 1999, na nilikwenda na tatizo. Vijana walikuwa wameanza kubeba abiria kwa baiskeli, wakijiita bodaboda, na kila wiki tulipokea mmoja aliyeanguka. Hatukuwa na pa kuwaweka. Wengine kati yetu waliwaandika wachukuzi, wengine madereva.

Bochaberi alinisikiliza akiwa ameweka miguu juu ya kiti kingine. Akaniuliza kama baiskeli ni yao au ya kukodi, na kama wanabeba mizigo pia. Nikasema sijui. Akapumua, akateremsha miguu, akavaa viatu vyake polepole, kimoja, kisha kingine.

"Twende stendi tukawaulize," akasema. "Lakini tembea pole."