Jumamosi za Jairus Kule Kitale

Mwaka wa 2004, baada ya Jairus kustaafu ualimu, kila Jumamosi alinyoa ndevu, akang'arisha viatu na kumuaga mkewe Roselyne kwamba anakwenda Kitale kutafuta mbegu ya mahindi. Mwezi wa tatu Roselyne alikubali. Lakini Julai ilipofika, mahindi yamekwisha kubeba mpaka kwenye mashamba ya Naitiri, akaanza kujiuliza hiyo ni mbegu gani. Tena mzee alirudi shati limelowa jasho mgongoni, anapiga mluzi. Na yeye ni mzee wa kanisa!

"Bana, mwanaume anayekaribia miaka sitini hanyoi ndevu bure," alisema Nekoye, jirani yao pale Bungoma. "Ati mbegu! Si umfuate?"

Maneno yale yalimkaa Roselyne kooni kama mwiba wa samaki. Akanusa makoti ya mumewe, asipate kitu. Alipomuuliza, Jairus alikohoa na kutazama kuku.

Jumamosi iliyofuata akapanda gari la nyuma yake. Kule Kitale alimkuta sokoni akichagua ndizi mbivu, moja moja, kama za mgonjwa. Ndizi za nani? Akamfuata kwa mbali hadi nyuma ya msikiti. Jairus akaingia nyumba moja bila hata kungoja kuitikiwa. Mlangoni palikuwa na ndara za kike. Mara muziki ukalipuka ndani: gitaa, ngoma, na kijana wa Kizungu akipiga kelele kama aliyekanyaga kaa la moto.

Roselyne akasukuma mlango.

Mwenye ndara alikuwa Arafa, mama mtu mzima, akimimina chai. Mumewe Muhdhar, fundi wa redio, alikuwa ameinamia gramafoni. Na katikati ya sebule Jairus, suruali ameikunja, anazungusha kiuno peke yake.

"Mama Sifuna!" Jairus alimaka alipomwona mkewe.

"Mbegu iko wapi?"

Muhdhar ndiye aliyeeleza. Sahani ile ya santuri yeye na Jairus waliachiwa na Mzungu wa shamba walikofanya kibarua ujanani, alipofungasha kurudi kwao. Ilikuwa sahani ya kwanza kabisa kutolewa na vijana wale wa Kizungu.

"Baadaye walitoa zingine, laini, zimenyooka," alisema. "Lakini hapa, shemeji, walikuwa hawajui kama watapewa nafasi tena. Wanaimba kama watu wanakimbiza gari linaloondoka. Ndiyo maana haituchoshi."

Roselyne akamgeukia mumewe. "Mbona ulinificha?"

"Siku ya mahari nilimwapia baba yako nimeachana na ngoma za dunia."

"Baba alikufa zamani. Ulikuwa unaogopa nani?"

"Wewe."

Roselyne aliketi, mkoba magotini, akaagiza sahani irudishwe mwanzo. Alisikiliza kama hakimu. Kabla upande haujaisha, mguu wake ulianza kugonga sakafu, akauzuia. Jairus akathubutu kutabasamu.

"Usifurahi," akamwambia. "Huyo msichana anaitwa kila saa humo ndani ya wimbo, nyinyi mlimjua?"

Muhdhar alicheka mpaka akapaliwa. Jairus hakucheka, alimjua mkewe. Roselyne akapokea chai kwa Arafa, akasema Jumamosi ijayo watakuja wote wawili, maana upande wa pili bado hajausikia.