Sahihi Niliyomnyima Mama wa Woodbridge

Mume wangu alikuwa mtu wa kunyoa ndevu Ijumaa, kwa ajili ya msikiti, basi. Siku alipoanza kunyoa na Jumamosi, na kujipaka marashi shingoni, nikajua nyumba yangu imeingiliwa. Nikamuuliza anakwenda wapi amependeza hivyo. Akanijibu bila haya: "Kwenye kodi."

Kodi gani hiyo inataka marashi?

Ngoja nianzie nyuma kidogo, nisije nikaonekana nina wazimu. Tulikuwa tunakaa Adelphi, nje kidogo ya mji mkuu wa Amerika, ghorofa ya pili, kwenye majengo ya matofali mekundu karibu na University Boulevard. Mimi nilikuwa nauguza wazee. Mume wangu alikuwa na kazi Manassas, kwenye karakana ya madirisha, anaondoka alfajiri na kurudi na vumbi la vioo kwenye kope. Kazi ilikuwa ngumu na njia ndefu. Alipopata udereva kwenye ubalozi mmoja mjini, ubalozi gani sisemi, nilipiga vigelegele mpaka jirani yetu wa Kisalvador akagonga mlango kuuliza kama kuna harusi.

Mshahara wa kwanza ulikuja mzima mzima. Karakana walikuwa wanakata kodi kabla hujaiona hela yenyewe, lakini ubalozini hawakukata kitu. Nikauliza imekuwaje. "Ubalozi ni nchi ya watu, mke wangu," akasema, kajinyoosha kitandani kama sultani. "Ukishavuka lile geti umetoka Amerika. Watamkataje kodi mtu ambaye hayupo?"

Elimu hiyo aliipata kinyozini, kwa Mtanzania mwenzetu, ambako kila Jumapili wanaume wa kwetu walikuwa wanakaa kunywa chai na kuendesha dunia. Walijadili, wakaafikiana. Balozi halipi kodi. Dereva anapanda gari moja na balozi. Kwa hiyo dereva naye halipi. Msomi wa chuo kikuu alikuwepo, shekhe alikuwepo, hakuna aliyepinga. Nami nikaamini, maana habari njema haiulizwi maswali. Tukanunua makochi. Tukampelekea mama yangu Tanga hela za bati. Kodi za mwaka ule tulipozifaili tulipeleka karatasi ya karakana peke yake.

Sasa, nilikuwa na binti. Nilimwacha Tanga kwa mama yangu akiwa na mapengo ya meno ya mbele, na wakati huu ninaousimulia alikuwa anavaa viatu vya saizi yangu. Mume wangu hakumzaa, lakini ndiye aliyenisukuma tumwombee viza aje. Faili lake lilikuwa limefika mwisho mwisho. Wakili wetu, mzee mmoja mpole wa Silver Spring, akatuita ofisini akaweka karatasi mbili mezani. Moja ni barua ya ubalozi inayosema mume wangu analipwa vizuri. Nyingine ni kodi zetu, zinazosema tangu aache karakana hakuingiza hata senti.

"Moja kati ya hizi inadanganya," akasema. "Mkizituma hivi, binti haji."

Mume wangu akaanza kumweleza habari za geti. Yule mzee akamsikiliza mpaka mwisho, maskini, kisha akasema mwenye msamaha ni balozi. Sisi wenye grini kadi tunadaiwa kama watu wengine. Ila ubalozi haukati, ni juu yako kujipelekea mwenyewe. Turekebishe mwaka ule haraka, kwa sababu muda wa kujibu faili unakwisha, na likifungwa tunaanza upya. Kuanza upya ilikuwa ni miaka.

Ndipo akaingia mama wa Woodbridge.

Tuliambiwa na mtu wa pale pale ubalozini kwamba kuna mama wa Kikenya, wa bara huko, mhasibu kweli kweli mwenye shahada na ofisi, na wikendi anawasaidia watu nyumbani kwake Woodbridge. Mume wangu akaenda mara ya kwanza na mfuko wa plastiki wa karatasi. Akarudi anacheka. Nikamuuliza ni mtu mzima? Akasema, si sana. Ana mume? Walikwisha achana. Ana gari? Jipya, viti vya ngozi. Hayo yote sikumlazimisha, aliyamwaga mwenyewe, na kila neno lilikuwa linanichoma kama pilipili jichoni.

Wiki nzima ikawa "mama wa Woodbridge anasema hivi, mama wa Woodbridge anasema vile." Simu inalia, anatoka nayo kwenye ngazi, eti ndani mtandao haushiki. Mtandao ulikuwa unashika vizuri sana mama yake alipopiga kutoka Pangani! Nikivizia mlangoni nasikia risiti, mafuta, maili, halafu kicheko. Wallahi mimi na yeye hatujawahi kucheka juu ya risiti.

Mara ya pili alirudi jioni, nimemtengea wali na samaki wa nazi. Akasukuma sahani kidogo. "Nimeshiba. Alinipa chapati."

Chapati! Uwongo dhambi, hapo roho yangu ilitoka ikarudi. Hesabu gani hizo zinakandwa unga? Nikamwambia: "Sikiliza, bwana wee. Jumamosi ijayo huendi popote. Huyo bibi aje hapa, afanye hesabu zake kwenye meza yangu, nimwone."

"Mbali kwake," akasema.

"Kwako ilikuwa karibu?"

Jumamosi akaja. Mimi nimetoka Tanga, na kwetu mtu hakutukani kwa mdomo akiwa na nguo ya kukutukania. Nilikuwa na doti ya kanga mpya kabisa, nyekundu ya korosho, imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Nikakata doti, nikajifunga kipande kimoja kiunoni, maneno nikayaweka sawasawa nyuma, mahali ambapo nikigeuka hakuna mwenye macho atakayekosa kuyasoma. Nikafukiza udi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na alikuwa mzuri, kisirani yule! Mrefu, mweusi wa kung'aa, na mwanya. Huo mwanya ndio ulionimaliza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Habari yako, mum? Mzee ananiambianga wewe ni mpishi balaa."

Mzee. Mume wangu kawa mzee wake.

Nikaleta chai, nikageuka taratibu. Nikaleta sambusa, nikageuka. Nikarudi kuchukua sukari ambayo ilikuwa tayari mezani, nikageuka. Mume wangu, mtoto wa Pangani, aliyasoma mara ya kwanza tu, chai ikampalia akakohoa mpaka machozi. Mama wa Woodbridge akaacha kalamu.

"Wah! Hii leso ni smaati! Hebu simama, mum, imeandikwa nini?" Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa shule. "Sisi kwetu tunabebea tu watoto, hatusomangi. Hasidi ni nani?"

Kwetu ukishasemwa kwa kanga unajibu kwa kanga, au unanuna, au unakwenda kwenu. Hakuna anayekuuliza tafsiri. Nikasema, "Ni mtu asiyependa wenzake wapate."

"Na hana sababu. Ni ukweli kabisa! Kumbe ni kama maombi." Akaipapasa ncha ya kanga yangu. "Nitapata wapi kama hii?"

Mgeni akikisifia kitu chako nyumbani kwako, tena akishakula chumvi yako, utafanyaje? Mama yangu alinilea. Nikaingia chumbani, nikatoa kipande cha pili cha doti, nikampa. Akanikumbatia. Mume wangu alikuwa anatazama dari.

Kabla hajaondoka nikamsikia anataja ujira wake, na nikapoa kidogo. Mwanamke anayekudai ujira si hawara, nilijiambia. Usiku ule nililala vizuri. Asubuhi mume wangu akaharibu kila kitu. "Mama wa watu ana moyo," akasema. "Kanipunguzia nusu."

"Kakupunguzia kwa nini?"

"Basi tu."

Basi tu! Nani katika mji huu aliwahi kumpunguzia mtu basi tu?

Karatasi zilipokuwa tayari, mume wangu akazileta za kusainiwa. Kwa kuwa tulifaili pamoja kama mke na mume, marekebisho yalitaka sahihi zetu wote wawili. Ya kwake ilikuwa imeshakaa pale, imejikunja kwa madaha. Mstari wangu ulikuwa mtupu. Akanipa kalamu. Nikairudisha.

"Sisaini kitu alichokiandika yule."

Akadhani natania. Akanibembeleza, akakasirika, akanikumbusha tarehe. Nikamwambia akamwombe huyohuyo mke wa chapati amsainie. Ndiyo, nilijua ni faili la nani. Nilijua vizuri kuliko yeye. Lakini wivu ukishapanda kichwani hausikii mtoto wala mkubwa. Nilikuwa radhi nyumba iungue mradi panya naye aungue. Karatasi zikakaa juu ya friji siku baada ya siku, na yeye akawa analala kwenye yale makochi ya ubalozi. Mwisho akazirudisha Woodbridge, akasema nikitaka nitazifuata mwenyewe, yeye amechoka.

Kisha nikanunua kadi ya simu nikapiga Tanga. Binti akapokea yeye, sauti yake imenona, imekuwa ya mwanamke. Nikamuuliza habari za shule.

"Mama, si nimeshagawa sare zangu?" akasema. "Nimempa mtoto wa mama mdogo. Na madaftari. Bibi anasema mtu anayesafiri hafungi mizigo ya kurudi. Viza inatoka lini?"

Nikamwambia karibu. Dakika za kadi zikaisha nikiwa bado nimeishika simu. Nikakaa jikoni nikalia, nikajifuta, nikamwambia mume wangu awashe gari.

Njia yote ya kwenda Woodbridge hatukusemezana. Foleni ya barabara kuu ya I-95 ilikuwa ile ya kuwafanya watu wapatane au waachane, sisi hatukufanya kimojawapo. Mama wa Woodbridge akafungua mlango na aproni, akafurahi kama kaona ndugu zake. Akatupeleka mezani. Na mezani, jamani, katandika kanga yangu kama kitambaa cha meza. Kaipiga pasi. Maneno yananitazama mimi, herufi kubwa: HASIDI HANA SABABU. Karatasi akaniwekea juu yake.

Sikusaini mara moja. Nilikuwa nimekuja na swali na nisingelala nalo tena. Nikamtazama usoni. "Dada, mbona ulitupunguzia bei?"

Akashangaa. "Mzee hakukuambia? Si alinitengenezea madirisha! Baridi ilikuwa inaingia hapa watoto wanakohoa. Amefanya yote, hata ya huko juu. Sasa ningemlipisha yote aje?"

Nikageuka kumwangalia mume wangu. Alikuwa amegundua kitu cha kuvutia sana kwenye kiatu chake.

"Na dirisha la chooni kwangu?" nikasema. "Halifungi tangu tuhamie! Naoga nimefunga kilemba kwa upepo! Wewe umevuka mto Potomac kwenda kumzibia mtu baridi?"

"Nilijua utafanya hivi," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana sikukuambia."

Mama wa Woodbridge alitutazama, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, na nikaona mambo yanamwingia polepole. Hakucheka. Akaisogeza kalamu karibu na mkono wangu, akasema, "Mum, msichana anangoja." Basi.

Nikasaini. Nilikandamiza kalamu kwa hasira mpaka jina langu likapita karatasi, na alama ikabaki kwenye kanga. Kesho yake dirisha la chooni lilifungwa kabla sijaamka.

Faili liliwahi. Kodi yenyewe tuliilipa kidogo kidogo, tukabana matumbo, na kinyozini mume wangu akawa anafundisha watu sheria kama aliyezaliwa nayo. Majira ya joto binti akaja. Tulipomkalisha sebuleni kwetu siku ya kumkaribisha, nyumba ilijaa, watoto wanasemeshwa Kiswahili wanajibu Kiingereza, pilau linazunguka, naye kakaa ubavuni mwangu ananishika vidole kama yule wa mapengo.

Mama wa Woodbridge akaingia na sufuria la chapati. Juu ya suruali yake ya jinzi alikuwa amejifunga kanga yangu, maneno nyuma, na alama ya wino iko palepale. Mume wangu akampokea sufuria, akamwonyesha dirisha la sebuleni alilolibadilisha, wakasimama wanalifungua na kulifunga.

Binti yangu ni wa Tanga. Alisoma kanga kabla ya kumsoma mtu. Akaniinamia sikioni. "Mama, yule mgeni katoka kwake na kanga ya kusema watu. Anamsema nani humu ndani?"

"Mimi, mama yako," nikamwambia. "Nenda kamwamkie."

Akaenda, akampa shikamoo kwa magoti. Nami nikachukua sinia la sambusa, nikaenda kusimama katikati yao pale dirishani.