Pingamizi Nililolipeleka na Kaimati

Mwanangu, umenitumia karatasi ya mkutano wa Jumatano shuleni kwa wanao ukaniuliza maana yake. Nimeisoma mara tatu, miwani juu, miwani chini, na sijaelewa. Ila nakumbuka Jumanne moja ya Doonside, kitongoji nilichofikia huku ugenini, nayo itakufaa kuliko maelezo yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sijatimiza hata mwaka tangu nitoke Tanga. Mwanaidi wangu alikuwa darasa la pili. Nyumbani alikuwa kasuku, shuleni hafungui mdomo. Aliyemfungua ni Mwalimu Helen, aliyewasaidia watoto wanaojifunza Kiingereza. Alikaa naye kila asubuhi mpaka mtoto akaanza kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa sauti. Usicheke, kwangu ile ilikuwa sherehe.

Basi Jumanne hiyo wazazi tukaitwa ukumbini. Bunge la jimbo lilikuwa na muswada: shule za serikali, zilizokuwa zikipata maji bure kwa bodi ya maji ya eneo, sasa ziyalipie kutoka fungu lao wenyewe. Afisa aliyekuja kukusanya maoni akasoma kifungu baada ya kifungu, kichwa kikawa kinanizunguka. Maji na shule vimeingiaje karatasi moja? Mpaka mama mmoja wa Kikenya, nesi, aliponinong'oneza: "Dada, shule ikianza kulipa maji, watapunguza staff. Huyo Helen wenu ndiye wa kwanza." Roho ikanipaa. Nikamgeukia nimuulize zaidi, naye huyo, keshakimbilia zamu.

Afisa akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nilivyolelewa mimi, mwenye adabu hambishii mkubwa mbele za watu. Unaitikia, halafu unamfuata kwake taratibu, na kitu mkononi, mnayamaliza. Isitoshe nusu ya maneno yalinipita, nisimame niseme nini? Nikatabasamu, nikatikisa kichwa kama niliyekubali kila kitu.

Jumapili nikakaanga kaimati, nikazipeleka kwa mwenyekiti wa wazazi, mzee wa Kizungu aliyekaa karibu na stesheni. Nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: Mwanaidi, Helen, ule ukimya. Akasikiliza mpaka mwisho, na kaimati akala tatu.

"But you were there," akaniambia. Ulikuwepo.

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi. Ripoti ilikwenda Ijumaa, na kuhusu wazazi wa shule yetu iliandikwa kwamba hakuna aliyepinga. Nilirudi nyumbani na sahani tupu, sijui nimekosea wapi.

Muswada ukapita. Labda ungepita hata kama ningepiga kelele. Mpaka leo sijui, na hilo ndilo linalonikera. Muhula uliofuata Helen hakurudi. Nikamweleza Mwanaidi habari za maji na fungu la shule, naye akawa ananikodolea macho tu. Kisha akauliza: "Did you tell them, Mum?"

Kama niliwaambia. Sikuwa na jibu. Mtoto alirudi kunyamaza karibu mwaka mzima, na nilipoitwa shuleni kuulizwa kwa nini haongei, niliona aibu, maana nilijua amejifunza kwa nani.

Mwanangu, adabu zetu usizitupe. Kaimati peleka, jirani ni jirani. Lakini huku wanahesabu lililosemwa kabla kitabu cha maoni hakijafungwa, basi lako liseme mle mle ukumbini. Wala usingoje uelewe kwanza. Simama hivyo hivyo ulivyochanganyikiwa, useme: "Sijaelewa. Mwalimu wa mtoto wangu atabaki au hatabaki?" Wakikurudishia vifungu, uliza tena. Waandike kwamba uliuliza.

Jumatano nitapanda treni kutoka Campbelltown nije nikae nawe mstari wa mbele. Swali la kwanza niachie mimi, nimelichelewesha miaka mingi. Mungu akufungue kinywa, akulindie wanao na walimu wao. Na siku mtoto wako atakapokuuliza kama uliwaambia, akujaalie uwe na jibu. Amin.