Kinyozi Aliyefika kwa Miguu Yake

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi, hata wateja walisinzia chini ya wembe wake. Miaka ishirini na sita alinyoa katika chumba cha viti viwili: kimoja chake, kingine cha mdogo wake, ambaye kinyozi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza peke yake. Alikificha mfukoni mpaka siku alipomkata mteja sikio. Daktari akautaja ugonjwa: Parkinson. Hauponi, akasema, ila dawa husaidia, na mazoezi ya kila siku humrudishia mtu mwendo.

Mdogo wake alikuja kumjulia hali, akamshika bega. "Kaka, jitahidi. Siku utakayofika dukani kwa miguu yako, bila kushikwa, kiti chako kinakungoja."

Maneno hayo yalimwinua. Mtaalamu wa viungo alimfundisha kurusha mikono, kupiga hatua ndefu, na kuhesabu kwa sauti miguu inapoganda. Mkewe alibandika vipande vya utepe sakafuni, naye akavivuka asubuhi na jioni, jasho likimchuruzika. Siku moja alianguka kwenye ngazi, akapasuka mdomo.

"Baba, leo pumzika," mkewe akamwomba.

"Nikipumzika, nani atanifikisha?" Akatema damu, akaanza upya.

Majirani walimwita Saa Mbovu, maana alikwenda, akasimama, akaenda tena. Hakujali.

Mwezi wa nane alifika. Kwenye kiti chake mtu mgeni alikuwa akimnyoa mteja. Mdogo wake alipigwa na butwaa.

"Umefika vipi?"

"Kwa miguu. Si ulisema kiti kinaningoja?"

"Kaka, nilisema vile ili utulie nyumbani. Nani atautolea shingo mkono huo? Sikudhani ungefika."

Mteja mmoja akacheka puani. Kinyozi akageuka atoke, miguu ikaganda mlangoni. Ikambidi ahesabu mbele yao wote: moja, mbili, moja, mbili.

"Msogezeni," mdogo wake akasema, "anaziba njia."

Siku tatu hakutoka kitandani. Ya nne aliamka kabla ya mkewe, akatembea mpaka dukani, akaketi kwenye benchi la wateja. Mkono ukatetemeka juu ya goti, macho yakatua kwenye shingo za watu. Kesho yake vilevile. Waliouona mkono ule wakakumbuka shughuli nyingine. Mdogo wake alimsihi, akamfokea.

"Nafanya mazoezi," ndilo lililokuwa jibu.

Mtaalamu wa viungo alistaajabu. "Mzee wangu, wengi hukata tamaa. Wewe nini kinakutia moyo?"

"Chuki, mwanangu."

Mtaalamu akacheka, akidhani ni mzaha, akamwongezea mazoezi ya shingo.

Kabla ya mwaka kwisha yule mgeni aliacha kazi. Mdogo mtu akabaki na viti viwili vitupu na kaka yake benchini.